Somo: Mkondo wa besi, na kwa nini transista yako haishibi

Wakuu, karibuni. Juzi nilirudishiwa saketi niliyoiunga mwenyewe: transista moja ya 2N2222A inayowasha rilei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) ya volti 5. Mchana inafanya kazi vizuri, alfajiri kukiwa na baridi inagoma. Nikaitoa transista, nikaweka nyingine ya pakiti ileile, ikagoma kabisa hata mchana. Ya tatu ikakubali. Nilipozipima zote tatu nje ya saketi, zote zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye rezista niliyoichagulia besi (mguu unaoiamuru transista; mkondo wa mzigo hupita kwenye miguu mingine miwili, kolekta na emita), na kosa hilo naliona kila siku kwenye kazi za wengine, ndiyo maana nataka tulipitie taratibu.

Hatua ya 1: Anza na mzigo

Wengi wanaanza na transista. Anza na kile unachotaka kukiwasha. Koili ya rilei yangu nikiipima kwa multimita inasoma omu 70. Volti 5 gawanya kwa 70, unapata karibu miliampia 71. Hiyo namba iandike pembeni, kwa sababu hata transista iwe na nguvu kiasi gani, koili hii kwenye volti 5 haitapitisha zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Elewa kushiba ni nini

Transista ikiwa katikati, haijafunga wala haijafunguka yote, mkondo wa kolekta ni mkondo wa besi mara beta, yaani kiwango cha transista cha kukuza mkondo. Ongeza besi, kolekta nayo inaongezeka. Lakini mzigo una kikomo chake, tumekiona: miliampia 71. Ukifika hapo ukaendelea kuongeza besi, kolekta haiongezeki tena. Volti ya kolekta imeshashuka hadi karibu 0.2 juu ya emita, chini kabisa ya volti ya besi, na sasa makutano yote mawili, la besi na emita na la besi na kolekta, yamefunguka. Hapo ndipo tunasema transista imeshiba.

Kwa hiyo usiulize "transista hii inashiba kwa miliampia ngapi?" Jibu halipo kwenye transista peke yake. Ileile inayoshiba ikiwa na taa ndogo inaweza kubaki na njaa ukiifungia rilei, huku besi ikipewa kilekile.

Hatua ya 3: Achana na beta ya datashiti

Hapa naomba tutulie. Datashiti ni karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Chukua BC547, transista nyingine ndogo: ya herufi A ina beta kati ya 110 na 220, ya herufi C kati ya 420 na 800. Jina moja, umbo moja, na bado zinapishana hivyo. Tena beta hushuka kukiwa na baridi, na hushuka zaidi volti ya kolekta inapokaribia kushiba. Ukipiga hesabu ya swichi kwa beta ya 200 umejenga juu ya mchanga.

Sasa fungua datashiti ya 2N2222A, tafuta mstari wa volti ya kushiba. Ile volti isiyozidi 0.3 imepimwa kolekta ikiwa na miliampia 150 na besi miliampia 15. Moja kwa kumi. Hicho ndicho kipimo ambacho mtengenezaji anakuahidi kushiba, nasi tunakifuata hichohicho: besi ipewe sehemu moja ya kumi ya mkondo wa mzigo.

Hatua ya 4: Tafuta rezista

Mzigo miliampia 71, besi ipate karibu 7.1. Pini yangu, yaani mguu wa chipu unaoiamuru besi, inatoa volti 5, na besi ya transista iliyoshiba hula kama 0.8. Zinabaki volti 4.2. Gawanya kwa 0.0071, ni kama omu 590. Chukua ya omu 560, besi itapata miliampia 7.5.

Mimi nilikuwa nimeweka 10k, yaani omu 10,000. Tazama ilichofanya: besi ilipata takriban miliampia 0.43. Kwa transista ya beta 100, kolekta inapitisha 43 tu. Koili inapata volti 3, na rilei nyingi za volti 5 zinataka kama robo tatu ya volti zake ndipo zivute. Haivuti. Kwa beta 130 koili inapata 3.9, inavuta kwa shida, halafu baridi ikiingia inashindwa. Kwa beta 200 inashiba, kila kitu shwari. Hizo ndizo transista zangu tatu.

Na joto je? Ile ya beta 100 inabaki na volti 2 kati ya kolekta na emita, inachoma miliwati 86. Ikishiba inachoma kama 14. Transista ya swichi ikiwa ya moto kwa mzigo mdogo, mara nyingi ina njaa ya besi.

Hatua ya 5: Pima ukiwa umewasha

Waya mweusi kwenye emita, mwekundu kwenye kolekta. Ukisoma 0.2 au chini, imeshiba. Ukisoma 1 au 2, rudi hatua ya 4. Dayodi ya kulinda kwenye koili, inayoiokoa transista na mruko wa volti koili inapozimwa, usiisahau.

MASWALI

*Mkuu, pini yangu ni ya volti 3.3. Niweke rezista gani kwa rilei hiyohiyo?*

3.3 toa 0.8 ni 2.5. Gawanya kwa 0.0071, unapata kama 350. Weka omu 330. Ila hakikisha kwanza kwamba pini inamudu miliampia 7 hadi 8. Chipu nyingine hazimudu.

*Kwa nini nisimwage tu mkondo mwingi kwenye besi nikawa salama?*

Pini itaumia kabla ya transista. Pia transista iliyoshibishwa kupita kiasi huchelewa kuzima, kwa kuwa chaji zilizojazana ndani ya besi lazima zitoke kwanza. Rilei haitagundua. Ukiwasha na kuzima mara makumi elfu kwa sekunde, utaona transista inapata joto.

*Nimeweka taa ya volti 12 upande wa emita wa transista ya NPN (aina moja na 2N2222A), besi naipa volti 5. Taa inafifia hata nikipunguza rezista.*

Rezista haihusiki, ndugu yangu. Emita inaifuata besi kwa nyuma kama volti 0.7, kwa hiyo taa haitapata zaidi ya 4.3 ufanye ufanyavyo. Kolekta iko kwenye 12, haiwezi kushuka chini ya besi, basi haishibi. Hamishia taa upande wa kolekta, emita iende ardhini.

*Transista yangu ya TIP120 inasoma karibu volti 1 nikiwa nimeipa besi ya kutosha. Ni mbovu?*

Ni nzima. Ndani yake kuna transista mbili, ya kwanza ikiilisha ya pili. Volti ya kolekta haiwezi kushuka chini ya 0.7 ya besi ya transista ya pili ukijumlisha ile kidogo ya ya kwanza. Kwa ampia 3 datashiti inaruhusu hadi volti 2, yaani wati 6, kwa hiyo ifungie bati la kupoza.