Karatasi ya kura haijafika? Fanya hivi

Sisi wa Kent na Tukwila, jimbo la Washington, ambako karatasi za kura huletwa kwa posta, tunapenda kuhama. Kodi ikipanda tunafunga virago, tunaijulisha posta, basi. Ofisi ya uchaguzi hatuiambii. Sasa jamani, barua zako nyingine posta itazipeleka anwani mpya, lakini karatasi ya kura haikufuati. Inarudishwa ilikotoka.

Ingia VoteWA.gov, tovuti ya jimbo ya wapiga kura, andika jina na tarehe ya kuzaliwa, usome anwani yako herufi kwa herufi. Namba ya mlango ikikosekana kwenye jengo la ghorofa, mleta barua atabahatisha? Kubadilisha anwani mtandaoni mwisho ni siku 8 kabla ya uchaguzi. Baada ya hapo nenda mwenyewe kwenye kituo cha kupigia kura.

Karatasi hutumwa siku 18 kabla. Wiki ikipita hujaiona, usimsubiri mtu wa posta: pigia simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti uombe nyingine, au uichapishe hapo hapo VoteWA. Ile ya kwanza ikijitokeza baadaye, ichane.

Kuirudisha, stempu haihitajiki, ila mimi siku za mwisho siiamini posta. Wanaangalia tarehe ya muhuri, na bahasha uliyotuma leo jioni yaweza kugongwa muhuri kesho. Tumia sanduku la kura la kaunti (drop box); hufungwa saa 2 kamili usiku, siku ya uchaguzi.

Na sahihi yako kwenye bahasha ifanane na iliyo kwenye rekodi yako ya mpiga kura, ambayo mara nyingi ni ile ya leseni. Andika na namba ya simu, ili ikitiliwa shaka wakupate upesi.