Somo: Umenyimwa Cal Grant kwa sababu ya kipato au ukaazi? Kata rufaa hivi

Nimeulizwa jambo hili kanisani, dukani City Heights, na kwenye simu usiku wa manane. Naliandika mara moja, wote wasome. Cal Grant ni msaada wa fedha za masomo wa jimbo la California, kwa hiyo hili ni la California tu. Majimbo mengine yana taratibu zao.

1. Soma barua ya kukataliwa hadi mwisho. Iandike sababu kwa maneno yao, pamoja na tarehe ya mwisho ya rufaa.

2. Jua mlango wa kubisha. Kipato kinashughulikiwa na ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo chako. Ukaazi ni wa ofisi ya udahili. Tume ya jimbo, CSAC, ndiyo yenye orodha ya waliopata, na hali yako unaiona kwenye akaunti yako ya WebGrants.

3. Kama ni kipato, tenganisha kosa na mabadiliko. Kosa ni pale ulipojaza vibaya FAFSA, yaani fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo: umeweka thamani ya nyumba mnayoishi kama uwekezaji, au umesahau mdogo wako kwenye idadi ya familia. Hilo unalisahihisha kwenye FAFSA yenyewe. Mabadiliko ni kitu kingine. FAFSA hutazama kodi ya mapato ya miaka miwili nyuma. Ya 2026-27 inatazama 2024. Kama baba alipunguzwa kazini 2025, fomu haijui. Peleka chuoni barua ya kuachishwa kazi, slipu ya mwisho ya mshahara, karatasi za malipo ya kukosa kazi, na taarifa ya kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ambayo ni bure. Afisa wa chuo ana mamlaka kisheria ya kurekebisha takwimu zako. Akishafanya hivyo, muulize: "Je, mabadiliko haya yamefika CSAC?" Usiondoke bila jibu.

4. Ukaazi. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Unatakiwa kuonyesha mambo mawili: ulikuwepo California kwa zaidi ya mwaka mmoja, yaani siku 366, na ulikuwa na nia ya kubaki. Siku zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kuamua ukaazi. Kwa vyuo vya CSU (vyuo vikuu vya jimbo la California) muhula wa vuli, tarehe hiyo ni Septemba 20. Kwa kolegi za jamii (community college) ni siku moja kabla ya masomo kuanza.

Familia yetu yote ilihama kutoka Phoenix, jimbo la Arizona, kuja San Diego. Nilipokataliwa nilipeleka karatasi kumi na moja: mkataba wa pango, bili za umeme, leseni, taarifa za benki. Niliamini wingi utanisaidia. Lakini Januari yote sikuwa na bili hata moja, na taarifa ya benki ilionyesha nanunua mafuta ya gari Phoenix wiki baada ya wiki. Nilikuwa nimekwenda kumuuguza bibi. Sikuandika hata mstari mmoja kueleza hilo. Walikataa tena, na msaada wa mwaka ule ukapotea.

Mara ya pili nilizitandaza karatasi kwenye meza ya kulia chakula, mwezi kwa mwezi, na pengo likaonekana kwa macho. Nikaweka pale tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, barua ya daktari wa bibi, na maelezo ya ukurasa mmoja yenye tarehe. Kuondoka kwa muda na kurudi nyumbani hakuvunji ukaazi, ila lazima uthibitishe. Walikubali.

Tahadhari: bili ikiwa kwa jina la mjomba, aandike barua na kusaini kwamba unaishi kwake, na uongeze karatasi yenye jina lako. Na kama wewe si raia, usijiandikishe kupiga kura ili upate ushahidi. DMV, ofisi ya leseni za udereva, wakikuuliza, jibu hapana. Watu wamepoteza makaratasi yao ya uhamiaji kwa jambo hili.

5. Weka nakala ya kila kitu, na uandike jina la uliyezungumza naye na siku.

MASWALI

Kijana wa Lubumbashi: Kaka sijasoma yote, niambie tu natuma wapi?
— Hatua ya 2.

Msafiri: Naishi Nevada lakini shangazi yuko Los Angeles. Nitumie anwani yake?
— Hapana. Huo ni uongo kwenye hati ya serikali. Sitamsaidia mtu kwa hilo.

Msafiri: Mbona wengine wanafanya?
— Nimeshajibu.

Mama Wawili: Namtumia mama yangu Kigoma pesa kila mwezi. Nimhesabu kwenye familia?
— Shikamoo mama. Hahesabiki, kwa sababu haishi nanyi. Lakini kama una mpwa anayeishi kwako na wewe ndiye unayebeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, huyo mhesabu. Wengi huwasahau, na viwango vya kipato vya Cal Grant hupanda kadiri familia inavyokuwa kubwa.

Mgeni Mpya: Mimi ni mkimbizi, nimetoka kambi ya Nyarugusu, nina miezi saba hapa. Nisubiri mwaka uishe?
— Karibu sana mdogo wangu, na usisubiri. Kwenye kolegi za jamii kuna sheria inayowaondolea wakimbizi waliofikia moja kwa moja California ada ya mtu wa nje ya jimbo. Waulize udahili, uwaonyeshe I-94 yako, ile hati ya kuingia Marekani. Huo msamaha na ukaazi wa Cal Grant ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Pell Grant ni msaada wa masomo wa serikali kuu, haiulizi umekaa jimboni muda gani, na mkimbizi anaruhusiwa kuiomba kwa FAFSA hiyohiyo. Halafu tafuta bahasha leo: weka humo barua ya shule ya watoto, kadi ya chanjo, slipu ya kwanza ya mshahara.

Mgeni Mpya: Nimeanza. Kadi ya chanjo ina tarehe ya wiki ya pili tangu nifike.
— Hiyo iweke juu kabisa.