Kabla ya kujigawia muda wa kusoma, angalia krediti

Wadogo zangu mnaosoma chuo kikuu Malimbe, Bugando na kwingineko hapa Mwanza, kozi hazilingani uzito, na wengi huligundua hilo mwaka wa mwisho. GPA, yaani wastani wa alama zako, haipatikani kwa kujumlisha alama na kugawa kwa idadi ya kozi. Kila alama inazidishwa kwa krediti za kozi yake, yaani namba inayoonyesha uzito wake: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kisha unagawa kwa jumla ya krediti.

Chukua kozi mbili, moja ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata B kwenye ile ya 12 na A kwenye ya 8, unapata 76 kugawa kwa 20, yaani 3.8. Geuza alama hizohizo, A iende kwenye ile nzito: 84 kugawa kwa 20, unafika 4.2. Jasho ni lilelile!

Na ngazi za shahada hazina huruma na pointi ndogo: 3.5 ni daraja la pili la juu, 3.4 ni la chini, na matangazo mengine ya kazi za ukufunzi huanzia kwenye hilo la juu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula, kaa na kitabu cha mwongozo wa chuo, andika krediti pembeni ya kila kozi kwenye ratiba yako. Soma pia kanuni za sapu, mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi. Vyuo vingi hukupa C tu hata ukiifaulu vizuri, kwa hiyo kozi nzito usiiache ifike huko.