Laptopu yenye RAM ya GB 2: fanya haya kabla ya kuiuza

Ustadhi mmoja alinijia hapa Langoni, Lamu, laptopu kaifunga kwa kikoi. "Fundi, hii naiuza. Nikifungua mtihani wa watoto, nangoja mpaka kahawa ipoe." Nikamwambia, "Keti kwanza ustadhi, tuitazame." Ilikuwa na Windows 10, na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, ni GB 2. Kazi yake ni kuchapa na kuprinti tu, na kazi hiyo mashine ile inaiweza.

1. Tazama kabla hujagusa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha likiwa dogo, bofya "More details", kisha bofya neno "Memory" ili programu zinazokula RAM zaidi zije juu. Yake ilisoma asilimia 91 na hajafungua kitu.

2. Zima zinazojiwasha. Dirisha hilohilo, nenda "Startup". Nilikuta ya printa aliyokwisha kuigawa, ya simu za video, na moja ya "kusafisha RAM", ambayo nayo imejikalia humo humo kwenye RAM. Chagua moja moja, bofya "Disable". Hujaifuta, siku ukiitaka utaifungua mwenyewe. Ya kuzuia virusi iache.

3. Punguza mapambo. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Fuata "Advanced", halafu "Settings" chini ya "Performance". Chagua "Adjust for best performance", lakini rudisha tiki ya "Smooth edges of screen fonts", maana bila hiyo herufi huparuza macho.

4. Kagua hifadhi ya ziada. Hapa ndipo watu wengi huharibu. RAM ikijaa, Windows huhamishia kwenye diski data isiyotumika kwa wakati huo. Kuna wanaoshauri uiondoe hifadhi hiyo eti mashine iwe nyepesi. Kwenye GB 2 usithubutu: programu zitajifunga ghafla na kazi uliyokuwa hujaihifadhi itapotea. Ustadhi aliwahi kupoteza maswali ya darasa zima namna hiyo, na kumbe kuna mtu alishamwekea "No paging file", yaani hifadhi hiyo kaizima.

Katika dirisha la hatua ya 3, bofya "Advanced" ya ndani, kisha "Change". Weka tiki ya "Automatically manage paging file size for all drives", yatosha. Diski ikiwa imebana, toa tiki hiyo, chagua "Custom size", andika 2048 kisha 4096, bofya "Set". Hizo ni MB. Ila diski ya kuzunguka hufanya kazi polepole kuliko RAM kwa mbali sana, kwa hiyo hatua ya 2 usiiruke.

5. Chagua "Restart", si "Shut down". Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10, ukizima kawaida sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile ukiwasha. "Restart" huanza upya kabisa.

Ilipowaka ilisoma asilimia 62. Ustadhi akafungua mtihani wake wa fikihi palepale dukani, akaanza kurekebisha swali la tatu.