Kula vizuri hapa Dar bila kumaliza mkaa wala afya

Wadau tuanze na maharage maana hapo ndo mkaa unapoteketeaga. Usiku kabla hujalala yachambue, osha, loweka kwenye maji mengi, asubuhi mwaga yale maji weka mapya ndo ubandike, yanaiva haraka kuliko ukiyabandika makavu, na mkaa unaookoa ni miti inayobaki huko Pwani na Morogoro (mkaa hauoti Kinondoni jamani). Maharage yana protini na nyuzinyuzi, tena mmea wake unaongeza naitrojeni kwenye udongo, wakati ng'ombe akicheua anatoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Sisemi uache nyama, mi mwenyewe Jumapili siiachi, ila siku za kazi punguza.

Ugali hamia dona, sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeshaenda. Ila unga ukinuka ukungu usinunue hata kama ni bei chee, sumukuvu (sumu ya huo ukungu) haitoki kwa kupika.

Chumvi, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, na hapo ile ya kwenye chipsi nayo inahesabika.

Sokoni nenda na kikapu, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka Juni 2019. Nyanya chukua fungu la siku mbili tu, ukijaza zinaozea jikoni halafu zinaishia dampo la Pugu, na zikioza kule nazo zinatoa methani ileile ya ng'ombe. Zikianza kulegea zisage, chemsha, gandisha.