Kama una kisukari na unanunua unga wa mitishamba

Pale Soko la Majengo, na hata ndani ya mabasi ya kwenda Singida, utauziwa unga wa mlonge, uwatu au mchanganyiko usio na jina wa "kushusha sukari". Mimi sipingi miti shamba. Ninachoogopa ni kuichanganya na vidonge kimyakimya.

Uwatu kweli unaweza kushusha sukari. Ukiunywa juu ya glibenclamide (kidonge cha hospitali cha kushusha sukari) au insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuvurugika. Ndugu wanadhani ni malaria au uchovu. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mgonjwa anywe, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali.

Kibaya zaidi, wakaguzi wa dawa wa Marekani wamewahi kukuta dawa za kisukari za hospitali, glibenclamide na metformin, ndani ya bidhaa zilizouzwa kama za asili tupu. Kwa hiyo unga ukishusha sukari haraka mno, usishangilie, shtuka.

Chupa au pakiti yenyewe nenda nayo kliniki, muoneshe daktari, hata kama unaona aibu. Uliza pia kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na muuzaji akikwambia "acha vidonge, hii inaponya kabisa", mrudishie dawa yake. Anayetumia insulini akiiacha anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache.