Namna ya Kuutunza Msitu wa Mikoko Baada ya Kimbunga

Kimbunga kikishapita, kama kilivyopita Hidaya kisiwani Mafia mwezi Mei 2024, mikoko huweza kuonekana kana kwamba imekufa yote: majani yamepukutika, matawi yananing'inia, na miti iliyong'oka imelaliana juu ya tope. Usiingie na panga siku hizo. Subiri maji ya bamvu, yale yanayojaa kupita siku nyingine, yapite mara mbili au tatu, kisha ingia maji yakiwa yamekupwa, ukague mti mmoja mmoja, kwa sababu kila aina ina namna yake ya kupona.

Katika aina za mikoko, mchu ndio mvumilivu. Hata ukivunjika katikati huchipua shinani, pengine hata kwenye kisiki. Kwangua gome kwa ncha ya kisu, mahali pasipozidi upana wa ukucha. Ukikuta rangi ya kijani na unyevu, mti ungali hai, uache. Mkoko wenyewe, yaani ile aina yenye mizizi iliyopinda kama miguu, hauna uwezo huo: matawi yake yaliyokomaa hayana macho ya kuchipulia, kwa hiyo uliovunjika kilele chote kwa kawaida hufa taratibu, na nafasi yake hurudi kwa mbegu tu. Mbegu hizo huota zikiwa bado mtini, zikawa kama vijiti virefu vya kijani ambavyo hudondoka, huelea, na kushika tope pale maji yanapozibwaga.

Kazi ya mikono iko kwenye mikondo ya maji. Gogo au mchanga ulioziba mkondo huzuia mbegu kufika, na maji yakituama, mizizi ya mchu inayochomoza topeni ili kupumua hukosa hewa. Zibua mkondo huo, ila uombe kwanza ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi. Magogo mengine yaache yalale. Kaa hujificha chini yake, na mbegu hunasa ubavuni mwake.

Kupanda ni jambo la mwisho. Wanaokimbilia kupanga mikoko kwa mistari kwenye tope tupu linalotazama bahari, mara nyingi kwa ajili ya picha, hupoteza miche mingi, maana pale ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Afadhali usimike vijiti vinne kuzunguka eneo la hatua mbili kwa mbili, uhesabu miche iliyojiotea kila baada ya miezi mitatu. Ukipita mwaka mzima bila mche hata mmoja, ingawa maji yanaingia na kutoka vizuri, na karibu hapo hakuna mti unaozaa, ndipo ulete mbegu kutoka msitu wa jirani.